Kusini na korosho: yasemwayo kuhusu shule, kazi na umaskini

Ukitaja Mtwara au Lindi mbele ya watu wa mikoa mingine ya Tanzania, mara nyingi hukumu huwa tayari: kule ni maskini kwa sababu hawasomi. Kauli hiyo inaniuma, maana inawabebesha watoto wa shule mzigo ambao chanzo chake kiko pengine kabisa. Nimekusanya hapa dhana zinazorudiwa mara kwa mara, na chini ya kila moja nimeeleza mambo yalivyo.

Dhana: Watu wa Kusini hawakupenda shule, ndiyo maana wakabaki nyuma

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi, mkoani Mtwara, mwaka 1876. Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki, wakaweka kituo chao Ndanda mwaka 1906. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alisoma Ndanda kabla ya kufika Makerere na baadaye Ikulu. Shule zilikuwepo, na watu walisoma.

Kilichokosekana ni mahali pa kuitumia elimu hiyo palepale nyumbani. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Daraja la Mto Rufiji halikufunguliwa hadi 2003. Kabla ya hapo masika yakikolea, Kusini ilikuwa kama kisiwa. Aliyehitimu alikwenda kutafuta kazi Dar es Salaam.

Tazama Kilimanjaro, ambako husifiwa kwa kupenda elimu. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaundwa mwaka 1933. Hela ya kahawa ililipa ada, waliosoma wakapata kazi, nao wakasomesha wadogo zao. Kule shule na zao vilisukumana. Kusini zao lilianguka: korosho zilifika tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74, na kufikia 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa duni, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukala maua. Mzazi wa miaka hiyo angelipa ada kwa kuuza nini?

Dhana: Ada imefutwa, kwa hiyo mtoto asiposoma ni uzembe wa mzazi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu jambo lenyewe limefichika kwenye kalenda.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ni hatua kubwa, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vimebaki kwa mzazi. Shule ya kata ikiwa mbali na haina hosteli, mtoto anapangishiwa geto, na hapo kuna kodi na unga. Msichana wa miaka 15 anayelala geto bila hela ya kula yuko kwenye hatari ambayo kila mama wa kijijini anaijua.

Sasa weka kalenda ya korosho kando ya kalenda ya shule. Minada hufunguliwa Oktoba. Kuanzia katikati ya mwaka mkulima anahitaji salfa ya kupulizia, na kabla ya hapo kuna palizi. Miezi hiyo yote hela inatoka, haiingii. Akiugua mtu nyumbani mwezi wa Julai, mwenye kangomba anabisha hodi. Anatoa taslimu leo kwa korosho ambazo bado ziko mtini, atakuja kuzipima kwa bakuli, na bei yake iko chini sana ya ile ya mnadani. Mkulima anajua kabisa kwamba anapunjwa. Anauza kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri Oktoba.

Msimu ukifika, korosho zile si zake tena. Januari mtoto anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza, naye hana viatu.

Hata aliyepeleka mzigo wake AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ambapo korosho hukaa ghalani hadi ziuzwe mnadani, hulala macho malipo yakichelewa. Mwaka 2018 wanunuzi walipotaja bei ndogo, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, ila uhakiki uliendelea kwa miezi, na shule zilipofunguliwa Januari 2019 wakulima wengi bado walikuwa wanasubiri hela yao. Kwa mwenye mshahara, kuchelewa ni usumbufu. Kwa mwenye mtoto anayeanza sekondari, ni muhula mzima.

Kangomba imepigwa marufuku, na msako hufanywa. Kwa maoni yangu, mkopo mdogo wa Julai kupitia AMCOS au kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, unaolipwa mnadani, ungewaokoa wanafunzi wengi kuliko msako wowote.

Dhana: Maskini ni yule asiye na kazi

Utafiti wa nguvukazi wa 2014 ulikuta ukosefu wa ajira ni mkubwa zaidi Dar es Salaam kuliko vijijini. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 nao ulikuta umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mijini. Zisome takwimu hizo pamoja. Kukaa bila kazi ukitafuta inayolingana na cheti chako kunamtaka mtu awe na ndugu wa kumlisha. Mama wa Tandahimba anayelima mihogo yake alfajiri na kuokota korosho za mwenzake kwa kibarua hadi jioni hahesabiwi kwamba hana kazi. Ana kazi tele. Anachokosa ni kipato.

Dhana: Gesi na viwanda vikubwa vitaajiri vijana wote

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga kusafirishwa kwake kwa bomba kwenda Dar es Salaam, na ghasia zikaleta vifo. Uchungu wao naelewa: walikuwa wamesubiri tangu wazazi wao wakiwa vijana. Bomba lilikamilika 2015, mwaka ambao kiwanda cha saruji cha Dangote nacho kilizinduliwa Mtwara.

Ila mtambo wa kusafisha gesi huendeshwa na watu wachache. Vibarua wengi huhitajika wakati wa ujenzi, kisha hubaki fundi wa kuchomelea mwenye cheti kinachotambulika, fundi umeme na mhandisi. Vyeti hivyo huanzia kwenye hesabu na fizikia za kidato cha pili, katika shule ambazo mwalimu wa masomo hayo alikuwa mmoja au hayupo. Mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, ulioanza sekondari mwaka 2024 umekuja kwa ajili ya pengo hilo, nami nautakia heri, mradi karakana zipate vifaa na walimu.

Kazi inayotaka mikono mingi ni kubangua korosho. Viwanda kadhaa vilijengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, wakati uleule uzalishaji ulipokuwa ukiporomoka, na vingi vikafungwa. Uzalishaji ulifufuka baadaye, lakini sehemu kubwa ya korosho bado huondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Kila gunia linalopakiwa likiwa na maganda yake ni siku za kazi za wanawake wa Newala na Masasi, zinazolipwa kwingine.

Dhana: Msomi akiondoka, mkoa umeshampoteza

Si kweli kabisa. Anatuma hela ya sare, anaezeka bati kwa mama, anamchukua mdogo wake akasome. Hasara iko kwingine: bati haliajiri mtu, na hospitali ya wilaya inabaki bila muuguzi aliyezaliwa hapo. Wako wanaotamani kurudi. Wanachoulizia kwanza ni nyumba ya mtumishi, umeme na barabara inayopitika mwezi wa Machi.