Gemu la mababe wa vita wa China: yanayosemwa na yaliyo kweli

Romance of the Three Kingdoms, gemu la mikakati kuhusu enzi ya Falme Tatu za China ya kale, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1985 kwa ajili ya kompyuta za nyumbani, na miaka michache baadaye likaingia kwenye kaseti za Nintendo. Siku hizi wengi wanaipata kwa emuleta ya simu, yaani programu inayoiga mashine za zamani. Wanaicheza robo saa, wanaichoka, halafu wanaisimulia kama wameimaliza. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

"Ni gemu la Wachina." Hapana, ni la Wajapani. Lilitengenezwa na Koei, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1978 na Yoichi Erikawa na mkewe Keiko. Lile jina la Kou Shibusawa unaloliona kama mtayarishaji ni la kisanii tu, ni Erikawa huyohuyo. Kabla ya kuigusa China walishatoa Nobunaga's Ambition mwaka 1983, inayohusu mababe wa kwao Japani. Kilichotoka China ni hadithi.

"Ni gemu la kupigana." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Anza mwaka 189, wakati jemadari Dong Zhuo amemshika mfalme mtoto na nchi imemeguka vipande. Umechagua mtawala wako, umekaa mkao wa kuchinja mtu. Kioo kinakuonyesha nini? Dhahabu uliyonayo, mchele uliopo ghalani, hali ya ardhi, kinga ya mafuriko, na raia wanakuonaje. Ni kazi ya mkuu wa mkoa kabisa. Zamu zinakwenda kwa miezi, na mwezi uliopuuza kingo za mto utaulipia siku maji yakija kuzoa mashamba. Raia uliowakamua kodi bila kuwarudishia chochote hawakukopeshi subira.

Hata vita vyenyewe vinaamuliwa na chakula. Uwanja umegawanywa katika vyumba vya pembe sita, na siku zinahesabiwa hadi 30. Mgeni wa gemu hili huingia mkoa wa jirani na askari kibao, ila mchele aliobeba ni wa kubahatisha. Mwenye mkoa hana haja ya kumkabili. Anajifungia ngomeni, anasogea hapa na pale, anawasha moto njiani kumchelewesha. Siku zinakatika, namba ya mchele inashuka, na jeshi lililoonekana halishindiki linarudi nyumbani halijavunja hata lango. Njaa haina baunsa.

Wanaolalamika kwamba haya ni mambo ya uhasibu yaliyopachikwa kwenye vita waitazame vita halisi vya Guandu, mwaka 200. Mbabe Yuan Shao alikuwa na jeshi kubwa kuliko la mpinzani wake Cao Cao. Mshauri wake Xu You akamkimbia, akaenda kumwambia Cao Cao kwamba chakula chote kiko Wuchao. Cao Cao akatoka usiku na watu wapatao 5,000, akakichoma. Jeshi la Yuan Shao likasambaratika. Na Cao Cao huyo tangu mwaka 196 alikuwa ameshaweka watu kwenye mashamba yaliyotelekezwa ili walishe majeshi yake. Kwa maoni yangu, kile kioo cha mchele na mafuriko ndicho sehemu yenye historia nyingi kuliko zote ndani ya gemu.

"Basi kila kitu humo ni historia." La. Gemu linafuata riwaya iliyohusishwa na Luo Guanzhong, ya karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 1,000 baada ya matukio. Kumbukumbu iliyo karibu zaidi na wakati wenyewe ni ya Chen Shou, wa karne ya 3, na hiyo ni kavu kuliko riwaya. Diaochan, yule mrembo wa kuwagombanisha Dong Zhuo na jemadari wake Lü Bu, ni wa kutungwa. Matoleo ya baadaye yamempa hadi namba zake kama afisa wa kweli. Zhuge Liang, mshauri wa mbabe Liu Bei, kuchota mishale ya adui kwa mashua za nyasi kwenye ukungu nako ni utunzi. Kwenye vita vya Chibi, mwaka 208, wazo la kuzichoma meli za Cao Cao lilikuwa la Huang Gai, chini ya Zhou Yu, jemadari wa Sun Quan aliyekuwa upande mmoja na Liu Bei. Zhuge Liang alikuwepo kama mjumbe, na kazi hiyo aliifanya vizuri, ila upepo hakuuita yeye.

"Mchukue Lü Bu, umeshinda." Nguvu zake za vita ni za juu kupindukia, hilo halina ubishi. Sasa tazama uaminifu wake. Gemu linaruhusu wapinzani kuwarubuni majemadari wako, na Lü Bu ni wa kwanza kuondoka, pengine na askari wako. Hapa hawakumwonea. Mwaka 189 alimuua Ding Yuan, bosi wake, akahamia kwa Dong Zhuo; mwaka 192 akamuua na huyo. Cao Cao alipomkamata hakutaka kuwa wa tatu, akaamuru auawe. Liu Bei anaanza na vijisenti tu, lakini haiba yake ni kubwa na watu wake hawanunuliki ovyo. Mimi namchukua Liu Bei.

"Falme tatu zilikuwepo tangu mwanzo." Mwaka 189 hakukuwa na ufalme hata mmoja kati ya hizo, mababe wote walijiita watumishi wa nasaba ya Han. Wei ilitangazwa 220, Shu 221, na Sun Quan wa Wu akajitawaza mfalme mkuu 229. Na hakuna kati ya hizo iliyoiunganisha China. Aliyefanya hivyo ni Jin, mwaka 280.

"Ni la kucheza peke yako." Gemu la kwanza linapokea hadi watu wanane kwenye mashine moja, mnapokezana zamu. Kila mmoja ana mkoa wake, na wengine wote mko chumbani mnaona akiba yake ya mchele. Usimtumie mwenzako barua ya urafiki huku anakutazama ukinunua silaha.