Namba ya shasi haisemake kama klima (mashini ya baridi ya mu motokari) ni ya kiwanda

Bandugu, kuko hii maneno inatembea sana mu magaraji ya Lubumbashi, ati ukisoma tu namba ya shasi unajua option zote (vitu vya kuongeza, sawa klima ao redio) motokari ilitoka nazo mu kiwanda. Hapana.

Juzi pa Kamalondo muzee moja alikuwa anauzisha Mercedes 240 D ya 1979, anapiga kidole ku namba: 12312310 na zingine nyuma, "muangalie, klima ni ya kiwanda!" Sasa sikiya: 123123 ni modeli, 240 D, ile 1 yenye kufwata ni usukani wa kushoto, 0 ni gia za mukono, kisha zinabakia namba za mufululizo tu. Klima iko wapi pale? Hakuna.

Option ziko mu karte ya kiwanda, Wajerumani banaiita Datenkarte, njo inaandika kodi za option, rangi na namba ya moteri ya kwanza. (Ford za Marekani za kuanzia 1967, kampuni Marti Auto Works njo iko na rejista ya option zao, kwa Chevrolet za ile wakati usitumaini sana kupata.)

Lakini hata karte inasema vile motokari ilitoka siku ile, haiseme vile iko leo. Redio yenye muuzaji alitia kisha, haimo. Moteri ikibadilishwa, ni weye unalinganisha namba.

Ya muzee, tuliinama kuangalia kompresa ya klima: chuma zenye kuishika zilichomelewa na mukono, soudire ingali inangaa. Njo kusema klima ilitiwa kisha, haikutoka mu kiwanda.