Hekima ya rohoni ni nini, na Mkristo anaitafutaje?

Hekima ya rohoni ni uwezo anaotoa Mungu wa kuona jambo kwa jicho lake, kisha kulitenda ipasavyo. Elimu peke yake haitoshi. Mtu anaweza kukariri sura nzima za Maandiko na bado akashindwa kunyamaza pale ambapo neno lake litavunja nyumba ya mwenzake. Wala si kufunuliwa mambo yajayo. Wengi husema wanaomba hekima, kumbe wanataka waambiwe mapema biashara ipi itawalipa au mchumba yupi hatawaumiza.

Katika Luka 12, mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi. Alitaka hukumu. Yesu akakataa kuwa mgawanyi wao, akawaambia, “Angalieni, jilindeni na choyo.” Yule bwana alikuwa anatazama mali, Yesu akatazama moyo wake. Huenda alikuwa na haki kabisa ya fungu lake, lakini haki hiyo isingemponya choyo. Ndivyo hekima ya rohoni inavyofanya kazi: mara nyingi inaanza kwa kumgeukia mwenye kuuliza.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Sulemani, mfalme wa Israeli. Mungu alimtokea katika mji wa Gibeoni usiku katika ndoto, akamwambia aombe atakalo. Hakuomba maisha marefu, utajiri wala roho za adui zake. Aliomba moyo wa kuwahukumu watu na kupambanua mema na mabaya. Aliomba kwa ajili ya kazi aliyokabidhiwa, yaani kwa faida ya wengine, na hapo ndipo pa kujipima tunapopiga magoti.

Kuhusu kuomba kwenyewe, Yakobo 1:5 inasema aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu “awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei”. Nalipenda sana hilo neno la mwisho. Wako waumini wanaoona aibu kurudi kwa Mungu na swali lile lile la mwaka jana, wakidhani watafokewa. Hawatafokewa.

Ila maombi hayaondoi wajibu wa kulisoma Neno na kuwasikiliza watu. Rehoboamu, mwana wa Sulemani aliyemrithi ufalme, aliombwa na Israeli awapunguzie nira nzito waliyotwikwa na baba yake. Wazee wakamshauri awatumikie na kuwajibu maneno mazuri. Vijana aliokua nao wakamshauri awatishe. Alikuwa na siku tatu za kufikiri, na ushauri mzuri ulikuwa mbele yake tayari, lakini akauacha, akafuata wa vijana. Makabila kumi ya Israeli yakajitenga na utawala wake. Kwa hiyo anayetafuta hekima afike kwa washauri akiwa tayari kuambiwa asichokipenda. Akizunguka mpaka ampate wa kukubaliana naye, hajatafuta ushauri bado.

Utajuaje kwamba ulichopata ni cha Mungu? Yakobo 3:17 inatoa alama: hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, “tayari kusikiliza maneno ya watu”, imejaa rehema, haina unafiki. Anayedai ameonyeshwa jambo na Bwana, lakini hataki kuulizwa swali lolote, kuna sababu ya kutosha ya kumtilia shaka.

Kwa Mkristo, hekima hii hatimaye ina uso. Paulo anamwita Kristo hekima ya Mungu (1 Wakorintho 1:24), na Wakolosai 2:3 inasema hazina zote za hekima zimesitirika ndani yake. Kwa hiyo kuitafuta ni kukaa karibu naye, kumtii leo katika lile unalolijua tayari, na kuendelea hivyo hivyo kesho. Sulemani mwenyewe, aliyepewa kuliko wote, alipozeeka aliuacha moyo wake ugeuzwe kufuata miungu mingine. Kipawa cha Gibeoni hakikumlinda alipoacha kumsikiliza Aliyempa.