Kuunganisha Madaktari wa Magharibi mwa Kenya Mtandaoni: Dhana Potofu na Ukweli

Kila panapozuka mazungumzo kuhusu kuwaunganisha madaktari wa kaunti zetu kwa njia ya intaneti, swali la kwanza huwa ni programu ipi itanunuliwa na nani atalipia. Swali hilo limezaliwa na dhana potofu. Mtandao wa namna hii huishi au hufa kutegemea kama kuna mtu mwenye ujuzi aliyeahidi kujibu, na kama anayeuliza ana hakika kwamba jibu litamfikia kabla mgonjwa hajazidiwa.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba bila intaneti ya kasi hakuna linalowezekana, na kwamba zahanati za Budalang'i au Suba hazina budi kusubiri mkongo wa mawasiliano. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa likibeba barua pepe za madaktari wa Afrika kwa setilaiti ndogo iliyopita juu ya kituo mara chache tu kwa siku. Mwaka 1999, Swinfen Charitable Trust ya Uingereza iliunganisha hospitali moja ya Bangladesh na mabingwa wa ng'ambo kwa kutumia barua pepe na kamera ya kawaida ya kidijitali. Mgonjwa mwenye kidonda kisichopona au uvimbe usioeleweka anaweza kusubiri jibu la kesho asubuhi, na picha moja iliyopigwa kwenye mwanga mzuri humfaa bingwa kuliko mazungumzo ya video yanayokatika kila dakika.

Wapo wanaosema kazi hiyo imekwisha kufanywa: tuna vikundi vya WhatsApp, basi tuna mtandao. Vikundi hivyo vina faida yake na sitavibeza, kwa kuwa vimeokoa wengi usiku wa manane. Hata hivyo, hebu tuangalie yanayotokea. Mtu anaandika, "Wakuu, nina mtoto hapa amepauka sana, mnasemaje?" Wanajibu watu sita, wawili wakipingana, kisha linaingia tangazo la harambee na swali linapotelea juu. Uzito wa mtoto haukutajwa, wala kiwango cha damu, kipimo cha malaria, dawa zilizopo kabatini na umbali wa kufika penye damu ya kuongezea. Mtandao uliopangwa vizuri humdai muulizaji mambo hayo kwanza, humkabidhi mtu mmoja jukumu la kujibu, na huhifadhi swali pamoja na jibu lake ili afisa mwingine atakayekutana na hali hiyo mwaka ujao alipate.

Pia kuna suala la siri. Wengi hudhani kwamba kwa vile ujumbe wa WhatsApp umefichwa kwa msimbo, basi mgonjwa amelindwa. Msimbo hulinda ujumbe ukiwa njiani tu. Picha ya eksirei yenye jina kamili pembeni ikishapokelewa, huweza kujihifadhi yenyewe miongoni mwa picha za harusi kwenye simu ya kila mwanakikundi, pamoja na simu ambazo watoto huchezea nyumbani jioni. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na kuwa katika kikundi kimoja na daktari hakumpi mtu haki ya kuziona. Isitoshe, nambari ya simu haithibitishi kuwa mwenyewe ni daktari. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina orodha ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kutafutia jina na hali ya leseni, kwa hiyo hakuna sababu ya kumsajili mtu kwa kuaminiana tu.

Dhana nyingine huja imevaa heshima: kwamba ujuzi hushuka kutoka juu, kutoka Nairobi au Ulaya, kuja kwa mhudumu wa kijijini ambaye kazi yake ni kupokea. Mtoto yule aliyepauka ni mfano mzuri wa kuipinga. Akiwa na malaria kali na himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) iko chini ya gramu 5 kwa desilita, aliyezoea wodi za watoto za Kisumu atauliza mara moja kama amekwisha kudungwa artesuneti, dawa ya malaria kali, akikumbusha kwamba mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na atauliza kama kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, katika familia, kwa kuwa anaijua kanda hii ya ziwa. Bingwa wa nchi isiyo na malaria, hata awe na sifa kiasi gani, huenda akaanza kwa kuagiza vipimo ambavyo haviko popote kati ya Ahero na Homa Bay. Na ikumbukwe kwamba OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika leo katika nchi nyingi, ulikuzwa kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret na viunga vyake.

Je, mhudumu wa kawaida akisaidiwa kwa mbali anaweza kweli kutibu ugonjwa mgumu? Jibu limepimwa. Mwaka 2003, Sanjeev Arora alianzisha Project ECHO huko New Mexico, Marekani, ambako wahudumu wa vijijini walikutana na mabingwa kwa video kwa ratiba maalumu, wakijadili wagonjwa wao wa homa ya ini ya C. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata wagonjwa 407: kati ya waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu walipona asilimia 57.5, na kati ya waliotibiwa na wahudumu wale, asilimia 58.2.

Matokeo hayo yanaibomoa pia dhana kwamba mtandao uwe wa wenye shahada ya udaktari pekee. Kwetu, vituo vingi vya afya huongozwa na maafisa wa kliniki, na zahanati huwa mikononi mwa wauguzi. Kuwafungia nje ni kuwafungia wenye maswali. Wanaohofia kwamba mtandao utaua rufaa nao wasiwe na wasiwasi, maana majibu mengi yatakuwa "mpeleke sasa hivi", na tofauti ni kwamba hospitali ya Nakuru au Kisumu itajua anakuja nani na ameshapewa dawa gani.

Linalobaki ni ratiba ya wanaojibu. Ikiwa daktari bingwa anajibu baada ya zamu, kwa bando lake mwenyewe, bila saa hizo kuhesabiwa kazini, atachoka. Kaunti inayotaka mtandao udumu ianze kwa kuziandika saa hizo kwenye ratiba ya zamu, Jumapili usiku ikiwemo, ndipo izungumzie programu.