Jukwaa la mtandaoni: neno moja, vitu vitatu

Katika vikundi vya wafugaji wa samaki wa vizimba, wafanyabiashara wa dagaa na wanafunzi wa vyuo hapa Mwanza, swali huulizwa hivi: "Tufungue jukwaa gani, WhatsApp, phpBB au JamiiForums?" Haliwezi kujibiwa lilivyo. La kwanza ni huduma ya kutumiana ujumbe, la pili ni programu, la tatu ni jamii ya watu iliyokwisha kujengeka. Ni kama kumuuliza mtu achague kati ya mtumbwi, fundi wa mitumbwi na Ukerewe.

Jukwaa la mtandaoni ni mahali ambapo mtu anaanzisha mada, wengine wanajibu chini ya mada hiyohiyo, na yote yanabaki yamepangwa ili atakayekuja mwaka kesho ayatafute na ayakute. Programu ya jukwaa ni ile inayosakinishwa kwenye seva, yaani kompyuta inayowahudumia watu mtandaoni, ili hayo yawezekane. Ndiyo tofauti yenyewe, na si ngumu.

Ugumu umo katika neno. Jukwaa ni kitu kilichoinuliwa: miti na mbao anazosimamia fundi akipiga lipu ukuta wa juu, mahali anapopanda mhutubu kwenye mkutano wa viwanja vya Furahisha, au jukwaa kuu la Uwanja wa CCM Kirumba. Lina ndugu yake, ulingo, kichanja cha shambani cha kuamia ndege, ambacho wanasiasa na mabondia walikichukua baadaye. Kompyuta zilipoingia, maneno mawili ya Kiingereza yakatwikwa neno hili moja. "Platform", lenye asili ya Kifaransa, yaani umbo bapa, likawa jukwaa, na kwa hilo hakuna ubaya, kwa sababu ni kitu unachokanyaga ili ufanye kazi juu yake. Kisha "forum" nalo likawa jukwaa. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Forum ni neno la Kilatini. Ulikuwa uwanja wa wazi katikati ya mji wa Kirumi, palipofanyika biashara, kesi na siasa. Wahutubu walikuwa na mahali pao pa kupanda ndani ya uwanja huo wa Roma, lakini mahali hapo palikuwa na jina lake, rostra. Kwa hiyo Warumi wenyewe walitenganisha uwanja wanaokutania watu na kiinuko anachopanda msemaji, nasi tumeviita vyote jukwaa. Kiswahili kilikuwa na neno lililokaribia zaidi: baraza, kile kibaraza cha mbele ya nyumba ambapo watu huketi usawa mmoja na kila mmoja ana zamu ya kusema. Kama tungesema "baraza la mtandaoni", nusu ya mkanganyiko huu isingekuwapo. Lakini jukwaa limeshashika, na JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, imelisambaza hadi kila anayesoma Kiswahili mtandaoni analijua.

Humo humo limezaliwa jambo la tatu. Tunasema "Jukwaa la Siasa" tukimaanisha sehemu moja tu ndani ya mahali pakubwa. Kwa msimamizi hili lina gharama. phpBB huuita mtambo wote "board", na sehemu zake ndizo "forum". "Category" kwenye phpBB ni kichwa cha kukusanya sehemu, hakiandikiwi mada. Kwenye Discourse, programu nyingine ya jukwaa, "category" ndiyo sehemu yenyewe ya kuandikia. Anayefuata maelekezo ya Discourse huku mkononi ana phpBB atatengeneza kategoria tano, kisha atafute kitufe cha mada mpya asikione. Hata akitengeneza sehemu ya kweli, wanachama hawataiona mpaka aipe ruhusa. Njia rahisi ni kunakili ruhusa za sehemu nyingine wakati wa kuitengeneza.

Tazama soko la Mwaloni pale Kirumba. Kiwanja ni seva. Mabanda na meza ni programu. Wauzaji, wanunuzi, bei na mazoea yao ndiyo jukwaa. Mabanda yakijengwa upya soko ni lilelile, na kiwanja chenye mabanda mapya bila watu si soko.

Ukishatenganisha hivyo, ulinganisho wa programu unakuwa na maana, na swali la kwanza ni kiwanja ulichonacho. phpBB, ya tangu mwaka 2000, ni ya bure na inakaa kwenye hosti ya kawaida ya bei nafuu (nafasi ya kukodi kwenye seva ya wengi) yenye PHP, lugha iliyoandikiwa programu hiyo, na MySQL, hifadhidata ya kutunzia mada. Unapandisha mafaili, unafungua ukurasa wa usakinishaji, unajaza taarifa za hifadhidata, na mwisho unafuta folda ya "install". Ikibaki, wanachama hawataweza kuingia. Roboti za matangazo zitafika mapema. Zima picha za herufi za kuthibitisha kwamba mtu si roboti, weka swali la kujiandikisha ambalo mwenyeji hulijibu bila kufikiri, kwa mfano samaki mdogo anayeanikwa Kirumba anaitwaje. Unapotunza nakala usichukue hifadhidata peke yake. Viambatisho vinakaa kwenye folda ya "files", na bila hiyo mada zitarudi bila picha.

Discourse, iliyotangazwa mwaka 2013, haikubali hosti ya namna hiyo. Inataka seva yako mwenyewe yenye Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine zikiwa zimefungashwa tayari), RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 1 pamoja na swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM, na afadhali GB 2, jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, na barua pepe inayotoka. Wengi hukwama kwenye barua pepe: akaunti ya kwanza ya msimamizi huthibitishwa kwa barua pepe, na kampuni nyingi za seva hufunga mlango (port) wa 25, njia ambayo seva hutumiana barua pepe, hivyo tumia huduma ya barua pepe kupitia mlango wa 587. Faida yake ni ngazi za uaminifu, kuanzia 0 hadi 4, zinazompa mwanachama uwezo kadiri anavyosoma na kushiriki. Hasara yake ni uzito wa mara ya kwanza kufunguka, na simu ndogo yenye bando dogo huko kisiwani itausikia. Flarum, programu nyingine, ni nyepesi, lakini nyongeza zake husakinishwa kwa Composer, chombo kinachoendeshwa kwa kuandika amri, na hosti isiyo na SSH, njia ya kuiamuru seva ukiwa mbali, itakusumbua. XenForo, nayo programu ya jukwaa, inauzwa kwa leseni, na inafaa jamii kubwa inayoweza kulipa.

Kuhama kunawezekana. Discourse ina skripti, yaani programu ndogo, za kuingiza mada kutoka phpBB na XenForo. Nywila kwa kawaida hazihami, hivyo waambie wanachama mapema kwamba wataweka mpya, na hakikisha barua pepe zao bado zinafanya kazi. Viungo vya zamani vielekezwe kwenye vipya, la sivyo kila anayetoka Google ataangukia ukurasa usiokuwapo.

Na grupu la WhatsApp? Lina mwisho wa wanachama 1,024, mazungumzo yake ni mkondo mmoja, na mfugaji aliyeingia leo hawezi kusoma jibu la kina cha maji ya kizimba lililotolewa miaka miwili iliyopita. Atauliza upya, na aliyejibu wakati ule huenda amechoka. Kwa taarifa ya bei ya asubuhi linatosha kabisa, na lina jina lake zuri: kundi sogozi.

Basi ndugu, ukimaanisha Discourse au phpBB, sema "programu ya jukwaa". Ukimaanisha Jukwaa la Siasa na mengine kama hilo, "sehemu" inatosha. Na mkihama kutoka phpBB, ni vyema kuwaandikia wanachama kwamba jukwaa letu linabadili programu, maana wakisoma "tumefungua jukwaa jipya" wapo watakaodhani lile la kwanza limefungwa.