Alama ya Kufuli Haithibitishi Kwamba Tovuti Ni Halali

Watu wengi huamini kwamba wakiona alama ya kufuli, au herufi https, mwanzoni mwa anwani ya tovuti, basi wamefika mahali salama. Dhana hiyo ni potofu, na matapeli huitegemea sana. Alama hiyo huonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamesimbwa ili mtu wa kati asiyasome. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Tangu shirika la Let's Encrypt lilipoanza kutoa bure mwaka 2015 vyeti vya kidijitali vinavyowezesha usimbaji huo, yeyote anayemiliki anwani, akiwemo tapeli, hupata cheti kwa dakika chache. Kwa sababu ya mkanganyiko huo huo, mwaka 2023 Google iliondoa kufuli katika upau wa anwani wa kivinjari chake, Chrome.

Kinachostahili kuchunguzwa ni anwani yenyewe, hasa maneno yanayotangulia mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Katika benkiyangu.com.hakiki-akaunti.net/ingia, mwenye tovuti si benki, bali ni aliyesajili hakiki-akaunti.net, yaliyo kushoto mwake aliyapachika apendavyo. Hata hivyo, macho pekee hayatoshi, kwani herufi «а» ya Kisirili, yaani alfabeti inayotumiwa na Kirusi, haitofautiani kwa sura na «a» yetu. Ndiyo maana napendekeza kwa dhati programu ya kutunza nywila: hulinganisha anwani herufi kwa herufi, na ikikataa kujaza nywila yako, usiiandike kwa mkono kabla ya kuchunguza sababu.