Kukumbuka ya 1961 si cheti cha kumbukumbu nzima

"Babu hana shida ya kusahau, daktari. Anakumbuka mpaka usiku ule wa 1961 Mwenge wa Uhuru ulipowashwa Kibo, kileleni Kilimanjaro." Huku Moshi sentensi hii nimeisikia kwa ndugu wa wagonjwa hadi imenichosha. Babu huyohuyo kanywa chai saa mbili, saa tatu anauliza mbona leo hajapewa chai. Wakiulizwa kuhusu chai, jibu liko tayari: aa, huo ni uzee tu.

Si uzee tu. Utafiti wa wilaya ya Hai, huku Kilimanjaro, uliochapishwa 2013 ulikuta dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa takriban asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Ingekuwa uzee tu, wangekuwa nayo wote.

Kushika jambo jipya ni kazi moja, kulitoa la zamani ni nyingine. Jipya hupitia hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo, moja kila upande, ndani kidogo usawa wa sikio. Sinapsi (viungio kati ya seli za ubongo) zilizotumika huimarika, protini hutengenezwa kwa saa kadhaa, kisha usingizi mzito huendeleza kazi kwenye gamba la ubongo, tabaka lake la nje. Alzaima, aina mojawapo ya dimensia, kwa kawaida huanzia hipokampasi na majirani zake, ndiyo maana chai ya leo hupotea kabla ya Mwenge. Ghala bado lina mahindi ya miaka yote, ila mlango wa kuingizia umeoza. Henry Molaison alituonyesha hilo: 1953, huko Marekani, alikatwa sehemu hiyo pande zote mbili ili kutuliza kifafa. Utoto wake aliendelea kuusimulia, lakini mtu aliyeongea naye dakika chache zilizopita alikuwa mgeni kabisa.

Sasa hapa ndipo vitabu vinaponiudhi. Vinachora mshale safi: hipokampasi inakabidhi, gamba linapokea, kwisha. Mshale huo siuamini sana. Molaison alipohojiwa kwa kina, habari za maisha yake alikuwa nazo, lakini matukio yenyewe, yenye harufu na sura za watu, yalikuwa machache mno. Wapo wanaosema tukio lenye picha kamili huihitaji hipokampasi siku zote, na kinachobaki gambani ni muhtasari wake. Mimi naegemea huko, ingawa ugomvi haujaisha.

Msikilize babu basi. Kisa cha Mwenge anakitoa kwa maneno yaleyale, kituo kwa kituo, hata kicheko kiko palepale. Amekisimulia mara mia. Kumbukumbu ikiitwa, inaweza kulegea kidogo na kuhifadhiwa upya, pamoja na alichoongeza msikilizaji. Anachokumbuka leo huenda ni simulizi la mwaka jana kuliko usiku wenyewe. Mkatize: alikaa na nani, ilinyesha? Akirudi mwanzo wa kisa kama kaseti, jua umesikia kaseti. (Na hata mzima huapa kwa jambo ambalo halikutokea, kwa hiyo usimwite mwongo.)

Kipimo cha nyumbani: mpe maneno matatu, tuseme kisu, ndizi, kengele. Ayarudie kwa sauti. Hapo wengi hukosea, mzee hakusikia vizuri na wanasema amesahau. Ongeeni mengine dakika tano, msikae kimya, maana ataendelea kuyarudia moyoni. Muulize. Akikosa, dokeza: "kimoja ni chakula." Akilipata kwa dokezo, neno liliingia, shida ni kulitoa, huwa hivyo kwenye sonona au mishipa midogo ya ubongo ikiharibika. Akisema hakuambiwa neno lolote, huenda halikuhifadhiwa kabisa. Hiki ni kichujio, msimtangazie ukoo ugonjwa.

Mengine kwa haraka, kwa kuwa yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozembea, kaswende, VVU. Mbege (pombe ya ndizi) nyingi na chakula kidogo humaliza vitamini B1, na upungufu huo usipotibiwa mapema unaweza kuua kumbukumbu kabisa. Hospitalini B1 ichomwe mapema, maji ya glukosi yasiitangulie. Alianguka shambani wiki tatu zilizopita na sasa anasinzia? Damu inaweza kuwa inavuja taratibu chini ya fuvu, mleteni leo, msisubiri Jumatatu.

Na mkija, bebeni mfuko wote wa dawa. Amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu) ya usiku na piriton ya mafua, kwa mtu wa miaka 80, zinatosha kumfanya aulize chai mara nne.